Maisha ya Seyyid Barghash bin Said na Mkataba wa Kufunga Soko la Watumwa

Kitabu hiki kidogo kimekusanya khabari za Seyyid Barghash bin Said bin Sultan, aliyetawala Unguja toka mwaka 1870 mpaka mwaka 1888. Sikukusudia kueleza kila alilolitenda, kwani majumba yake na mifereji yake ya maji imekwisha kuelezwa na wengine walio karibu nayo kuliko mimi. Nimekusudia jambo moja tu: namna alivyopatana na Waingereza katika khabari ya biashara ya watumwa, alichokitoa na alichokipokea, na watu gani waliokuwako na watu gani wasiokuwako yalipokatwa maneno hayo.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa chuo wa Kawetele, katika milima ya Rungwe, ana haja gani na wafalme wa Unguja? Jawabu ni kuwa wengi katika watu waliopitishwa forodhani Unguja hali ni watumwa walitoka katika nchi zilizozunguka Ziwa Nyasa, na ziwa hilo mtu aliyeko Tukuyu hulifikia kwa miguu kwa safari ya siku mbili. Kwa hivyo mkataba uliotiwa sahihi Unguja ulikuwa ni mkataba juu ya watu wa huku, ijapokuwa hakuna aliyewauliza. Na leo katika vyuo vyetu hukaa juu ya jamvi moja watoto ambao babu zao walinunua na watoto ambao babu zao waliuzwa. Wote wawili yawapasa kuijua khabari kama ilivyokuwa, bila ya kuipamba na bila ya kutukanana kwayo.

Seyyid Barghash alizaliwa karibu na mwaka 1837. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, mfalme wa Omani na Unguja, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Neno hili msomaji asilipite upesi. Wana wa Seyyid Said waliotawala baada yake walizaliwa na masuria, na kwa sharia mtoto wa suria ni muungwana kama mtoto wa mke, arithi kama arithivyo yeye. Basi mtu huyu ambaye baadaye alitakiwa aamue khabari ya watumwa, mama yake mwenyewe aliingia katika nyumba ya kifalme kwa njia ya utumwa.

Yanayofuata hayafahamiki ila kwa kujua kwanza mikataba ya baba yake. Mwaka 1822 Seyyid Said alipatana na Kapteni Moresby wa Kiingereza kwamba watu wake wasiwauzie Wakristo watumwa, wala wasivuke nao mstari uliotoka Rasi Delgado mpaka Diu katika Bara Hindi. Mwaka 1845 akapatana na Hamerton, balozi wa kwanza wa Kiingereza Unguja, na mkataba huo ulianza kufuatwa mwaka 1847: watumwa wasitolewe tena Afrika kupelekwa Arabuni. Kilichobaki halali ni kuwachukua baharini kati ya Kilwa na Lamu tu, ndani ya milki yake ya Afrika. Tazama basi ugawaji ulivyokuwa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliendelea kupata watu wa kazi, na Omani, nchi ya asili ya ufalme, ikafungiwa mlango. Alipokuwa hai Seyyid Said nchi zote mbili zilikuwa chini ya mkono mmoja, na mwenye mkono huo alikuwa amekwisha kuhamia Unguja. Waomani walinung'unika, na magendo yakaendelea kila pepo za kusi zilipovuma.

Seyyid Said alifariki baharini karibu na visiwa vya Shelisheli mwezi wa Oktoba mwaka 1856, akiwa katika safari ya kurudi Unguja. Barghash alikuwa naye chomboni, naye ndiye aliyeileta maiti ya baba yake, na usiku ule ule alijaribu kuushika mji kabla ndugu yake Seyyid Majid hajapata khabari. Hakufanikiwa. Ufalme ukagawanyika: Thuwain akabaki Maskati, Majid akabaki Unguja. Majid aliahidi kumpelekea ndugu yake reale 40,000 kila mwaka, kisha akaacha. Mwaka 1859 Thuwain alitweka na merikebu zake kuja kupigana, na Waingereza wakamrudisha njiani. Mwaka ule ule Barghash, akiungana na Waarabu wa kabila la Alharthi na akisaidiwa na dada zake Khole na Salme, alijifungia katika shamba la Marseilles kumpinga Majid. Mabaharia wa manowari ya Kiingereza walimsaidia Majid, shamba likavunjwa, na Barghash akatiwa chomboni akapelekwa Bombay, akakaa huko muda wa miaka 2.

Ugomvi wa Unguja na Maskati ulikatwa na Lord Canning, mtawala wa Kiingereza katika Bara Hindi, tarehe 2 Aprili 1861. Aliamua kwamba Unguja iwe nchi mbali na Maskati iwe nchi mbali, na kwa kuwa Unguja ndiyo tajiri na Maskati ndiyo maskini, mwenye Unguja ampe mwenye Maskati reale 40,000 kila mwaka. Na pato la Unguja lilikuwa forodha, na katika bidhaa zilizotozwa ushuru forodhani mojawapo ni mwanadamu. Daftari za forodha za Kilwa zilionyesha kuwa katika miaka 5, toka 1862 hata 1867, walitolewa bandari ile watumwa 97,000 na kitu, na wengi wao walipelekwa Unguja. Hao ni walioandikwa. Waliokufa njiani baina ya Nyasa na Kilwa hakuna karani aliyewaandika.

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash, aliyerudi kutoka Bombay akakaa kimya miaka 9, akakalia kiti. Waingereza walidhani wamepata mtu mwepesi, kwa sababu alijua mizinga yao ilivyolia Marseilles. Lakini mwanzo wa utawala wake aliegemea upande wa mutawa, yaani Maibadhi washikao dini kwa ukali, na alipotajiwa khabari ya kuzuia watumwa aliikataa. Baadaye aligombana na mutawa hao pia. Alikuwa mtu mwenye nafsi kali, apendaye kushika kila jambo kwa mkono wake, na hakusahau baya alilotendewa.

Mwezi wa Aprili mwaka 1872 ilipiga Unguja tufani kubwa isiyowahi kuonekana na waliokuwa hai. Minazi na mikarafuu ikalala chini shamba zima zima, na majahazi yakavunjika bandarini pamoja na vyombo vya mfalme mwenyewe. Pemba haikupata msiba kama ule, na mikarafuu yake ikabaki imesimama. Matokeo yake ni kuwa bei ya karafuu ilipanda, wenye mashamba wa Pemba wakataka watu wa kazi wengi kuliko zamani, na wenye mashamba wa Unguja wakataka watu wa kupanda upya. Na saa hiyo hiyo ndipo Waingereza walipokuja kutaka bahari ifungwe.

Ulaya nako maneno yalikuwa yamepanda. Mwaka 1871 Bunge la London liliweka kamati ichunguze biashara ya watumwa ya Afrika ya Mashariki, na mwaka uliofuata zilifika barua za Dakta Livingstone zilizoeleza mauaji ya sokoni Nyangwe, katika nchi ya Manyema, aliyoyaona kwa macho yake. Watu wa makanisa na wa mikutano wakapiga kelele, na serikali ikamtuma Sir Bartle Frere, aliyekuwa zamani gavana wa Bombay, awafanyie mkataba mpya Unguja na Maskati. Alifika Unguja Januari 1873.

Hapa nitakawia kidogo. Frere alitaka mambo mawili makubwa: pasichukuliwe tena mtumwa yeyote baharini, hata kati ya bandari na bandari za Seyyid mwenyewe, na masoko yote ya kuuzia watumwa yafungwe. Alikuja na hidaya pia: Seyyid akikubali, Waingereza wangemtua mzigo wa reale 40,000 za Maskati. Seyyid Barghash hakukataa siku ya kwanza. Alisikiliza, akawakusanya wakubwa wa Waarabu, akarudisha maneno. Alisema kwamba tufani imewamaliza watu wake, na kuwaondolea watumwa sasa ni kuwaua. Kwamba Waarabu hawatamtii, naye hana jeshi la kuwalazimisha. Kwamba apewe muda. Udhuru huu Waingereza waliuona kuwa ni hila ya kuchelewesha. Mimi nauona kuwa ulikuwa hila na ulikuwa kweli pia. Mfalme wa Unguja wakati ule hakuwa na askari ila kikundi cha Wabaluchi na watumwa wake, na nguvu yake ilikuwa katika radhi ya masheha wa makabila na wenye mashamba. Kama wangemwacha, angeondoka kama alivyotaka yeye mwenyewe kumwondoa Majid.

Alitazama pia kwa Wafaransa, akitumai kuwa watamsimamia kwa kuwahusudu Waingereza. Na alifikiri jambo lingine la busara, kwenda London mwenyewe aseme na wakubwa wao uso kwa uso. Frere aliondoka mwezi wa Machi bila ya sahihi, akapita pwani, akenda Arabuni. Huko Maskati alimkuta Seyyid Turki bin Said, ndugu yake Barghash kwa baba, ambaye kiti chake kilitikisika na hazina yake ilikuwa tupu. Turki alitia sahihi tarehe 14 Aprili, na fedha ya Maskati ikahakikishwa. Ndugu mmoja alikuwa hana mashamba ya karafuu, akatoa kisichomgharimu. Ndugu wa pili ndiye aliyebaki amesimama peke yake.

Mwanzo wa Juni ilifika amri ya London kwa balozi John Kirk. Kirk huyu hakuwa mgeni wa jambo lenyewe. Alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea, na kabla ya kuja Unguja alifuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi, na mwaka 1861 walifika naye Ziwa Nyasa. Aliijua njia ya Kilwa toka mwanzo wake. Amri ilisema kuwa Seyyid asipotia sahihi, manowari zitauzingira mji, kisiingie chombo wala kisitoke. Kirk alimfahamisha kwamba hakuja kushauriana naye, na safari ya kwenda London haitangojewa. Kwa kisiwa ambacho kinakula mchele wa kutoka nje, kuzingirwa ni njaa. Wakubwa wa Waarabu walielezwa, nao wakanyamaza. Tarehe 5 Juni 1873, mwaka 1290 wa Hijra, Seyyid Barghash alitia sahihi, na soko la Unguja likafungwa siku ile ile.

Sasa na tuutazame mkataba wenyewe, maana wengi hudhani kuwa ndio ulioondoa utumwa. Haukuondoa. Ulizuia kuchukua watumwa baharini, na ulifunga masoko, na uliwataka wenye mamlaka wawalinde waliokwisha kuachwa huru, na uliwakataza Wahindi raia wa Kiingereza wasimiliki watumwa. Lakini Mwarabu au Mswahili wa Pemba aliyekuwa na watumwa 100 Juni tarehe 4, alikuwa nao 100 Juni tarehe 6. Bwana wa shamba alihifadhiwa alichonacho, Mwingereza akapata bahari, Maskati akapata fedha, na Seyyid akapata kubaki kitini. Kila upande uliokuwa mezani uliondoka na fungu. Mapatano ya namna hii hayakuwa ya Unguja peke yake. Huko Marekani nchi za kusini na za kaskazini zilikata maneno juu ya watumwa mwaka 1820, zikakata tena mwaka 1850, kila mara zikigawana mipaka ya mahali pa utumwa, mpaka mwaka 1861 zikashikana kwa bunduki. Na Waingereza wenyewe, walipoondoa utumwa katika makoloni yao kwa sheria ya mwaka 1833, waliwalipa mabwana fidia ya pauni milioni 20. Barghash hakupewa hata pauni moja ya kuwafidia watu wake. Alipewa msamaha wa deni la Maskati na tishio la mizinga. Sisemi hivi kumtetea aliyemiliki watumwa. Nasema ili ijulikane bei ilivyokuwa.

Ama kwa upande wa sharia, mimi ni mtu wa madhehebu ya Imamu Shafi'i na Seyyid Barghash alikuwa Ibadhi, lakini katika asili ya jambo hili hatuna tofauti kubwa. Asili ya mwanadamu ni uhuru. Fiqhi ina milango mirefu ya kumtoa mtumwa katika utumwa: kafara, na mkataba wa mtumwa kujikomboa kwa mali yake, na aliyeahidiwa uhuru bwana wake akifa, na suria aliyezaa ambaye hauzwi tena. Haina mlango wa kuvamia kijiji kilichokaa kwa amani, mtu akatiwa kongwa shingoni pamoja na mkewe, akaongozwa mpaka pwani. Mtumwa aliyesimamishwa katika soko la Unguja hakuulizwa amepatikanaje. Alitazamwa meno na kuambiwa atembee. Kwa hivyo naona biashara ile ilikuwa desturi iliyovishwa kanzu ya sharia, na wenye elimu waliokuwa na mashamba ilikuwa vigumu kwao kuivua. Mahali pa soko Wakristo walijenga kanisa kubwa, na jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka ule ule wa 1873. Wako Waislamu wachukiao kulitazama. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba mahali pale tungeweza kupajenga sisi, na hapana aliyetuzuia.

Bahari ikafungwa, na nchi kavu ikafunguka. Mkataba haukusema neno juu ya kuwatembeza watumwa kwa miguu, na wafanya biashara walisoma mkataba vizuri kuliko walioundika. Misafara ikatoka Kilwa ikashika njia ya pwani kwenda kaskazini, ikapita nyuma ya Dar es Salaam mpaka upande wa Pangani, na kutoka huko kuvuka usiku kwenda Pemba ni mwendo mfupi wa mashua. Mwingereza mmoja jina lake Elton, makamu wa balozi, alisafiri njia hiyo mwisho wa mwaka 1873, akahesabu katika mwezi mmoja watumwa zaidi ya 4,000 waliopitishwa kwenda kaskazini. Watoto walitembea masafa ambayo zamani wangeyapita chomboni kwa siku chache, na wengi walikufa. Huo ndio uliokuwa mzao wa kwanza wa mapatano yale.

Elton huyu anatuhusu. Mwaka 1877, akiwa balozi wa Msumbiji, alipanda kutoka Ziwa Nyasa akapita katika nchi hii ya Konde, inayoitwa leo Unyakyusa, akenda mpaka kwa Merere wa Usangu, na akafa Ugogo mwezi wa Desemba. Mtu aliyewahesabu watu katika mwisho wa njia alikuja kuuona mwanzo wake, akaiona nchi ya migomba na ng'ombe na nyumba zilizojengwa vizuri.

Mwaka 1875 Seyyid Barghash alisafiri kwenda Uingereza, safari aliyonyimwa miaka 2 kabla. Alipokewa na Malkia Victoria, akatembezwa miji na viwanda, akapita Paris. Aliporudi alikuta msiba mwingine: Khedive Ismail wa Misri alikuwa amepeleka manowari chini ya McKillop, wakaziteka Barawa na Kismayu, bandari za Seyyid. Waingereza walimlazimisha Khedive aondoe watu wake. Hapo Seyyid aliingia katika deni la hisani, na deni lile Kirk alilidai mapema. Mwezi wa Aprili 1876 Seyyid alitoa matangazo mawili: misafara ya watumwa isiteremke tena pwani kutoka nchi za Nyasa na Wayao na nyinginezo, na watumwa wasipelekwe tena kwa njia ya nchi kavu pwani nzima. Haya aliyatoa bila ya mizinga kuelekezwa kwake, na kwa wafanya biashara yalikuwa mazito kuliko mkataba. Kilwa wakafanya fitina, kwa kuwa mji ule uliishi kwa biashara hiyo. Mwaka 1877 akaanza kuunda jeshi la kufunzwa, akalitia chini ya Luteni Lloyd Mathews, askari wa manowari ya Kiingereza, na jeshi hilo ndilo lililokuwa mkono wake bara.

Kwa mkono ule alijitahidi, nami namshuhudia kwa hilo. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipotaka kukagua jahazi lililopeperusha bendera ya Kifaransa na ndani yake mna watumwa. Mwenye jahazi alikuwa Mwarabu, Hindi bin Khatam. Seyyid hakumficha kwa ajili ya kabila. Alimtuma Mathews na askari, wakapigana naye na akafa kwa jeraha zake. Ushuru wa forodha nao haukuanguka kama walivyoogopa, bali ulizidi, kwa pembe na karafuu na mpira. Ndipo alipojenga Beit al-Ajaib, iliyokwisha mwaka 1883, akaleta maji safi mjini kutoka Chemchem, akaweka mtambo wa kupigia chapa vitabu vya Kiarabu. Sehemu ya jumba hilo ilianguka Desemba 2020.

Alichokitumai kwa yote haya ni jambo moja: kwamba Waingereza, wakiwa wamepata walilotaka katika khabari ya watumwa, watamwachia na kumlindia milki yake ya bara. Kirk naye alimpa tumaini hilo, na nadhani aliliamini mwenyewe. Mwisho wa mwaka 1884 Karl Peters, Mdachi, aliingia Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami kwa siri, akawatia machifu sahihi katika karatasi wasizozifahamu, na Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akazikubali. Seyyid alipinga kwa simu ya waya na kwa barua. Agosti zikafika manowari za Kijerumani mbele ya jumba lake, na katika meli moja alikuwemo dada yake Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani miaka mingi nyuma. Mara hii ya tatu katika maisha yake mizinga ilimtazama, na mara hii Waingereza walimshauri akubali. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana bara, na Seyyid akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10 na bandari chache za kaskazini. Kirk aliondoka Unguja mwaka huo huo.

Na bara yenyewe, ambayo Seyyid alitangaza isitoe watumwa, ilikuwa na watu wasiomsikia yeye wala Kirk. Mwezi wa Oktoba 1887, upande wa pili wa mto Songwe, Mlozi na wenziwe, wafanya biashara waliotoka pwani, waliwavamia Wangonde wa Karonga, ndugu za Wanyakyusa kwa lugha na asili, wakawaua wengi katika ziwa dogo la Kambwe. Vita ile iliendelea mpaka Oktoba 1889, Johnston alipofanya nao sulhu, na sulhu ile nayo iliwaacha mahali pao na ngome zao. Haikudumu. Mlozi alinyongwa Desemba 1895.

Tusiache kusema la mwisho juu ya tabia ya Seyyid. Miaka yake ya mwisho alikuwa mgonjwa, na ukali wake ukazidi. Alimtia gerezani Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi'i, kwa sababu ya mafundisho yake yaliyowavuta watu. Mfalme aliyevumilia kuambiwa na wageni afunge soko la nchi yake hakuvumilia darasa la mwalimu mmoja. Mwanzo wa mwaka 1888 alikwenda Omani kutafuta afya katika chemchem za maji moto, akarudi Unguja, na usiku wa kufika kwake akafariki, tarehe 27 Machi 1888, mwezi wa Rajab mwaka 1305. Alizikwa Makusurani karibu na baba yake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nduguye Seyyid Khalifa alikalia kiti, na Sheikh Ali akafunguliwa.

Utumwa wenyewe, ule ulioachwa ndani ya mkataba wa 1873, ulichukua muda. Unguja na Pemba mahakama ziliacha kuutambua Aprili 1897, wakati wa Seyyid Hamud bin Muhammad, na mabwana walilipwa fidia. Masuria hawakuingia katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Wajerumani huku bara hawakuuondoa. Walisema tu kwamba atakayezaliwa na mtumwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 atakuwa huru. Aliyezaliwa kabla alibaki alivyo, hapa Tukuyu kama pengine. Sheria iliyouondoa katika Tanganyika nzima ilitolewa na Waingereza mwaka 1922, miaka 49 baada ya Seyyid Barghash kutia sahihi yake.